Mutoto wa miaka 11 na mupira wa kupinda: tumufundishe sasa ao tungoje?



Mwezi huu barua imetoka mbali. Mama mumoja, muzaliwa wa Kolwezi, anaikala sasa Marekani, katika jimbo la Iowa, pamoja na mume wake na watoto wanne. Dada yake mukubwa, anayesoma gazeti letu hapa kwetu, ndiye aliyetuletea barua ile mikononi. Naifupisha hivi:

« Baba mwandishi, binti yetu wa pili ana miaka 11. Huku anacheza muchezo wanaouita softiboli, na yeye ndiye murushaji wa timu. Anarusha vizuri, tunamushukuru Mungu. Sasa mwalimu wa timu anataka kumufundisha mipira mingine mitatu mbele ya mashindano: ule wa kushuka, ule wa kupinda na ule wa kupanda. Anasema hivyo juu ya rafiki yake wa umri mumoja ambaye anayo yote tayari. Baba yake amekubali. Lakini mimi nilimukuta mutoto usiku, anashika bega. Nikamuuliza, akajibu: si kitu. Asubuhi akaniambia: Mama, usimwambie baba. Wakati gani ni wakati wa kumufundisha mutoto mupira mupya? Tufanye namna gani? »

Mama, aksanti kwa barua. Wasomaji wengine watasema: softiboli ni mambo ya Wamarekani, sisi tuko na mupira wetu wa miguu. Ngojeni kidogo. Miaka mingi nilifundisha vijana wa mutaa kucheza mupira wa miguu. Kulikuwa mutoto mumoja wa miaka 12, mwenye kipaji. Kila jioni nilimubakiza peke yake, apige mipira ya kupinda, kusudi siku ya mashindano tushinde. Alianza kuchechemea. Nilimwambia ajikaze kiume. Kumbe chini ya goti lake kulikuwa kumevimba, na munganga alimukataza kucheza miezi mingi. Hakulalamika hata siku moja. Aliona furaha yangu, akaogopa kuiharibu. Mama, ni juu ya mutoto yule ninajibu barua yako kwa urefu.

MUCHEZO WENYEWE NI NAMNA GANI?

Softiboli ilizaliwa katika muji wa Chicago, mwaka wa 1887. Ni ndugu ya besiboli. Murushaji anamurushia mupigaji mupira, mupigaji anaupiga na rungu na kukimbia, na nyuma yake kuko mudakaji anayechuchumaa na ganda la ngozi mukononi. Wanawake walicheza softiboli kwa mara ya kwanza katika Olimpiki ya Atlanta, mwaka wa 1996.

Katika besiboli mutu anarusha mukono ukipita juu ya bega. Katika softiboli anarusha kwa chini: mukono unazunguka duara zima, sawa gurudumu, na mupira unatoka karibu na paja. Juu ya ile namna ya chini, watu wengi walisema kwa miaka mingi kwamba murushaji wa softiboli hawezi kuumia. Neno hili tutalirudilia.

Sasa, mama, sikiliza jambo moja ambalo pengine hakuna aliyekuelezea. Kule Marekani, watoto wa miaka 10 na chini yake wanatumia mupira mudogo kidogo, wenye duara ya sentimeta 28 na uzito wa karibu gramu 170, na wanarusha kutoka metre 10,7. Wakiingia kundi la miaka 11 na 12, wanapewa mupira wa wakubwa, wenye sentimeta 30 na gramu 180 hivi mupaka karibu 200. Tena wanarudishwa nyuma mupaka metre 12,2. Baadaye, kwa wasichana wakubwa, wanafika metre 13,1.

Binti yako ana miaka 11. Maana yake mkono wake tayari umepewa kitu kipya: mupira munene zaidi, muzito zaidi, na njia ndefu zaidi. Mupira ule wa kasi aliokuwa anaujua mwaka uliopita, sasa anapaswa kujifunza tena kuutuma. Hilo peke yake ni somo la mwaka mzima. Na juu ya somo hilo tunataka kumutwika mengine matatu!

MPANGO WA KUFUNDISHA

Mwanafunzi wa fundi vyuma hapewi mashine kubwa siku ya kwanza. Anapewa tupa na kipande cha chuma, anakwangua, fundi anapima, anamurudishia. Anachoka na tupa. Lakini siku akifika kwenye mashine, mukono wake unajua tayari maana ya kipimo. Kurusha ni vile vile. Walimu wengi wa softiboli wanafuata mupango huu:

1. Mupira wa kasi. Huu ni mama wa mipira yote. Si kasi tu, lakini njia: muguu unakanyaga wapi, mwili unasimama namna gani, mukono unapita karibu na kiuno, na mupira unafika pale mudakaji aliweka ganda lake. Mutoto ambaye hawezi kuupeleka juu, chini, kushoto na kuume kwa kupenda kwake, bado ana kazi hapa.

2. Mupira wa polepole. Huu ndio wa pili, na si ule wa kupinda. Mukono unazunguka mbio sawa vile vile, lakini mutoto anaushika mupira ndani zaidi ya kiganja, ao anauachilia na mugongo wa mukono ukitangulia. Mupigaji anaona mukono wa kasi, kumbe mupira unakuja pole. Tufanye hesabu kidogo. Mutoto anayerusha kilometre 80 kwa saa, mupira wake unapita metre 12,2 katika muda unaozidi kidogo nusu ya sekunde. Akirusha kilometre 60, unapita karibu robo tatu ya sekunde. Mupigaji aliyejitayarisha kwa ule wa kwanza anazungusha rungu katika hewa tupu. Mutoto anapata silaha ya pili bila kukunja kiwiko wala kupinda mugongo. Juu ya hii, mutoto wa miaka 10 ao 11 anaweza kuanza kuujifunza, kama wa kwanza umetulia.

3. Mupira wa kushuka. Vidole vinavuta mupira kusudi uzunguke kwenda mbele, na hewa inausukuma chini. Kuko namna mbili: kuuachilia uteleze kwenye vidole, ao kugeuza mukono juu yake wakati unatoka. Ile ya kwanza inafanana zaidi na mupira wa kasi, basi kwa mutoto inafaa zaidi. Ile ya kugeuza mukono inapotosha kiwiko na bega kama mutoto anaifanya kwa nguvu. Walimu wengi wanaufungua mulango huu karibu miaka 12. Lakini umri si ufunguo wenyewe. Ufunguo tutauona chini.

4. Mupira wa kupinda na ule wa kupanda. Hii ni ya mwisho. Mupira wa kupanda unatakiwa kuzunguka kurudi nyuma, na kuzunguka sana, na kwenda mbio sana. Ukitazama vizuri, haupandi sawa ndege. Unaanguka pole kuliko jicho la mupigaji linavyongoja, basi anapiga chini yake. Lakini kama kasi ni kidogo, hewa haina nguvu ya kuushika. Tena vidole vya mutoto ni vifupi: havienei vizuri juu ya mupira wa sentimeta 30. Mutoto anafanya nini? Anaegemea nyuma, anainua bega, anajilazimisha. Mupira unatoka umenyooka, katikati ya kifua cha mupigaji, na unapigwa mbali. Amepoteza mara mbili: ule mupya haukuja, na ule wa kasi umeharibika, maana mwili umezoea kuegemea. Walimu wenye busara wanangoja mupaka miaka 13, 14 ao zaidi, wakati mutoto amerefuka na ana nguvu katika miguu na tumbo.

Mama, utaona kwamba mwalimu wa binti yako ameruka ule wa polepole kabisa. Hapo ndipo shida yangu ya kwanza na mupango wake.

MIFUPA YA MUTOTO

Tunasema: samaki mukunje angali mubichi. Ni kweli. Lakini samaki mubichi unamukunja pole pole. Ukimukunja kwa nguvu, nyama inapasuka.

Karibu na mwisho wa mifupa ya mutoto kuko sehemu laini, gegedu, ambayo ndiyo inayokua na kuwa mufupa. Kwa wasichana wengi inafungwa karibu miaka 14 ao 15 hivi, kwa wavulana nyuma kidogo. Mbele ya siku hiyo, gegedu ile ni zaifu kuliko mufupa. Muzigo ukirudiliwa kila siku pahali pamoja bila kupumzika, inavimba, inauma, na pengine inaachana.

Na ile habari kwamba kurusha kwa chini hakuumizi? Wachunguzi walipima warushaji wa softiboli, hata wale wa Olimpiki ya Atlanta 1996, kisha watoto pia. Waliona kwamba wakati mukono unazunguka, nguvu inayouvuta kutoka katika bega inakaribia uzito wa mwili wa murushaji mwenyewe. Mama, kama binti yako ana kilo 38, waza mutu anayeshika mukono wake na kuuvuta na uzito kama huo, kwa kila mupira.

Katika besiboli ya watoto, chama kikubwa cha Little League kiliweka hesabu tangu mwaka wa 2007: mutoto wa miaka 11 ao 12 asirushe zaidi ya mipira 85 kwa siku moja, kisha apumzike siku kadiri ya hesabu. Katika softiboli, imani ile ya zamani iliacha wasichana wengi bila hesabu ya namna hiyo. Timu iko na murushaji mumoja muzuri, basi anarusha Posho asubuhi, Posho mangaribi, na Siku ya Mungu tena. Kisha katikati ya juma anajifunza mupira mupya, ambao kuujifunza kunadai kuurudilia mara nyingi. Bega linaumia hapo. Mara nyingi si juu ya mupira wa kupinda peke yake. Ni juu ya kuongeza bila kupunguza.

Watu watakuambia juu ya Yukiko Ueno wa Japani. Katika Olimpiki ya Beijing, mwaka wa 2008, alirusha mipira 413 katika siku mbili na mashindano matatu, na Japani ikapata zahabu. Ni kweli. Lakini Ueno alikuwa mwanamuke wa miaka 26, mifupa yake imekwisha kufungwa zamani. Na mwaka wa 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, akiwa na miaka 39, alishinda zahabu tena. Ukimutolea mutoto mufano wa Ueno, toa mufano wote: mutu aliyerusha mupaka miaka 39. Nani kati ya watoto wanaorusha kila kitu kwa miaka 11 atafika hapo?

Na watakuambia kwamba bila mipira mitano hakuna ushindi. Waulize juu ya Cat Osterman, Mumarekani aliyeshinda zahabu huko Athens mwaka wa 2004. Alijulikana zaidi kwa mupira mumoja, ule wa kushuka. Wapigaji walijua utakuja, na hawakuugusa.

UFUNGUO: MUTOTO YUKO TAYARI LINI?

Hakuna tarehe ya kuandika katika kalendari. Kuko watoto wa miaka 12 walio tayari, na wa miaka 15 ambao bado. Tazama ishara hizi tano:

Ya kwanza: katika mipira kumi, saba inafika pale mudakaji anaomba. Si siku moja. Juma kwa juma. Na si mwanzoni tu. Hata wakati amechoka.

Ya pili: mupira uliotangulia anautumia katika mashindano bila kuogopa. Mupira anaouweza katika mazoezi tu, bado hauna.

Ya tatu: mwili wake unasimama sawa sawa katika kila mupira. Kama anainama kwa huu na kuegemea kwa ule, ngoja.

Ya ine: hana maumivu. Si maumivu kidogo. Hana.

Ya tano: yeye mwenyewe anaomba, na anaweza kueleza juu ya nini. Mutoto anayesema « nataka huu juu wapigaji wa kushoto wananishinda » ni tofauti na mutoto anayesema « juu fulani anao ».

Ishara zikitimia, mufundisheni mupira mumoja tu, si miwili. Muanze wakati wa baridi, wakati hakuna mashindano ya inje, asione haya akikosea. Muanze karibu, metre tano ao sita, bila kasi, kuzoeza vidole. Kila mupira wa mazoezi uhesabiwe: kama anarusha 20 ya mupya, mupunguze 20 ya zamani. Na siku za kupumzika ziwe kweli za kupumzika.

JIBU KWA MAMA

Basi, mama, nakujibu wazi. Kwa sasa, hapana. Si kupinda, si kupanda. Wala kushuka, mupaka ule wa kasi utulie katika umbali mupya. Kama anapenda kujifunza kitu, ni ule wa polepole.

Lakini mbele ya hayo, bega. Maumivu yanayomwamusha mutoto usiku si ya kungoja. Asirushe tena mupaka munganga amuone, na umwambie munganga wazi: ni murushaji, anarusha mipira hii kwa juma. Asipojua hivyo, ataona mutoto aliyelala vibaya tu.

Kwa mwalimu, muende ninyi wawili, wewe na baba yake, kwa heshima. Yeye si adui. Pengine anaona kipaji na anaogopa kuchelewa. Mumuulize maswali matatu: Binti yetu alirusha mipira mingapi juma lililopita? Juu ya nini tunaruka mupira wa polepole? Nani mwingine katika timu anajifunza kurusha? Mwalimu muzuri atafurahia maswali haya. Mwalimu anayekasirika juu ya hesabu ya mipira amekujibu pia.

Inabaki neno gumu: « Usimwambie baba. » Mama, mwambie. Lakini si mbele ya mutoto, wala kwa kumushitaki. Na wewe baba, kama dada ya muke wako atakutumia ukurasa huu, sikia kwa mutu aliyekosea mbele yako: mutoto hakufichi juu ya kukuogopa tu. Anakuficha juu anapenda kukuona ukisimama pale kando ya kiwanja na kupiga mikono. Mutafute jioni moja, ukae naye, umwambie: « Hata usiporusha, wewe ni binti yangu, na nitakuja kukutazama. » Maneno haya mimi sikumwambia mutoto wangu wa mutaa. Aliporudi kiwanjani, alicheza bila furaha, kisha akaacha.

NA SISI HAPA KWETU?

Vijana wa Likasi, wa Kipushi, wa Lubumbashi, sheria ni moja. Anayefundisha watoto mupira wa miguu ahesabu, sawa vile tunahesabu mipira ya Iowa. Na kwetu kuko jambo zito zaidi: watoto wanaobeba mifuko ya mawe kwenye machimbo. Gegedu haijui kama ni mupira ao ni mufuko. Muzazi anayesikitika juu ya bega la mutoto wa Marekani, atazame leo jioni mugongo wa mutoto wake.

YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Kuko kitu gani tunamusukuma mutoto wetu akijue haraka, juu tu mutoto wa jirani anakijua?
2. Watoto: kuko maumivu mulificha kusudi baba ao mama asihuzunike? Ilikuwa namna gani?
3. Katika timu, katika masomo, katika kazi za nyumba: tukiongeza kitu kipya, tunapunguza nini?

Mubaki salama, na tuonane mwezi ujao.